Hodi Mlangoni mwa Yai

Mto Pangani, ambao wenyeji wengi wa bonde lake wangali wakiuita Ruvu, huyakusanya maji ya Kilimanjaro na ya Meru, ukashuka kando ya milima ya Upare na ya Usambara, ukaipokea mito ya Mkomazi na Lwengera, ukapita Korogwe penye mashamba ya mkonge, ukaanguka katika maporomoko ya Hale, na hatimaye ukajimwaga katika Bahari ya Hindi kwenye mji unaoitwa kwa jina lake, mkabala wa fungu la Maziwe, ambalo tangu mwaka 1975 limewekwa hifadhini kwa amri ya serikali. Mwenye kuufuata mto huo tangu Korogwe hadi mdomoni hupita, aghalabu pasipo kujua, baina ya majibu mawili ambayo maumbile yameyatoa kwa swali moja, nalo ni hili: ni kitu gani kinachozuia mbegu ya mnyama wa aina moja isilitungishe yai la mnyama wa aina nyingine? Swali hili si la wataalamu peke yao, maana katika bonde hilo hilo, na katika malambo ya Handeni iliyo kusini yake, jibu lake ndilo linaloamua kama samaki aliyepewa na wanasayansi jina la Korogwe atabaki na nasaba yake, au nasaba hiyo itapotelea katika nasaba ya mgeni.

Na tuanze baharini, kwa kuwa huko ndiko swali lilikozidi ugumu. Mnyama wa nchi kavu, awe swala au kunguru, hawezi kuzaa ila amekutana na mwenzake mwili kwa mwili, na kabla ya kukutana huko yapo mengi yanayowachuja: sauti, harufu, rangi, mwendo na msimu. Walakini wengi katika wanyama wa baharini, na hasa wale wasioweza kutembea au watembeao polepole mno, kama matumbawe, kombe, jongoo bahari na kiti cha pweza, hawana njia ya kukutana namna hiyo. Dume huyatoa manii yake majini, na jike huyatoa mayai yake majini, kisha mkondo ndio unaochukua amana hiyo na kuichanganya. Mmoja katika hao ni yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu, ambaye kila mvuvi apitaye miambani maji yanapokupwa huchunga asimkanyage, na ambaye katika sura hii nitamwita nungu-bahari. Jike lake moja hutoa mayai kwa mamilioni, na dume mbegu kwa mabilioni, tena mahali ambapo katika eneo lisilozidi uwanja wa msikiti mtu anaweza kuwakuta nungu-bahari wa aina tatu au nne wakiishi pamoja. Kwa hesabu ya kawaida tungetazamia kwamba, baada ya vizazi vichache, aina hizo zote zingekuwa zimechanganyika zikawa kitu kimoja. Hazikuchanganyika, na zimekaa hivyo kwa dahari nyingi.

Kizuizi cha kwanza ni wakati. Mwaka 2003 mtaalamu wa Kenya, Nyawira Muthiga, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya nungu-bahari wawili weusi wa ukoo mmoja, Diadema setosum na Diadema savignyi, waishio pamoja kwenye matumbawe ya pwani ya Kenya, na wanaofanana hata asiye mzoefu hawezi kuwapambanua. Akabainisha kwamba wote wawili hufuata mwezi, lakini hawafuati siku moja: setosum hutoa mbegu na mayai yake baina ya siku ya 8 na ya 10 ya mwezi mwandamo, ilhali savignyi hungoja hata mwezi ukishapevuka, ndipo akatoa zake siku ya 17 na ya 18. Nahodha wa jahazi au mvuvi wa dema hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe huzipanga safari zake kwa hesabu hiyo hiyo: huyu wa kwanza huzaa katika siku za maji mafu, na yule wa pili katika siku za bamvua. Siku saba zinazowatenga zatosha, kwani mbegu ikishatawanyika katika bahari haiishi ila kwa muda mfupi sana, na haiwezi kungoja majuma yaje na mayai mengine.

Nami nakiri kwamba katika mambo yote niliyoyasoma juu ya viumbe wa pwani yetu, ni machache yaliyonipa furaha kama hilo, la wanyama wasio na macho kama yetu wala ubongo, wakaao ndani ya nyufa za miamba, kuishika kalenda ya mwezi kwa uaminifu mkubwa hivyo. Hata hivyo kalenda si ngome isiyopenyeka. H. A. Lessios na J. S. Pearse walikwisha kuonyesha mwaka 1996 kuwa machotara wa ukoo huu wa Diadema wapo katika Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, ijapokuwa aina zenyewe zimeendelea kubaki mbalimbali. Kwa hiyo lazima pawe na kizuizi kingine, kilicho karibu zaidi na yai lenyewe.

Yai la nungu-bahari halielei utupu. Limevikwa kwanza vazi nene la utelezi usioonekana kwa urahisi, na chini ya vazi hilo kuna utando mwembamba, na chini ya utando ndipo ulipo mwili wa yai. Kutoka katika ule utelezi huchuruzika vipande vidogo vya protini vinavyoenea majini, na mbegu ya dume wa aina ile ile ivipatapo, hata vikiwa vichache mno, hugeuza mwendo wake na kuogelea kuelekea vinakotoka. Mwaka 1985 wanasayansi walithibitisha jambo hilo kwa nungu-bahari wa Marekani aitwaye Arbacia, na ikadhihirika kwamba wito wa yai la aina moja si lazima usikike kwa mbegu za aina nyingine. Mbegu ifikapo kwenye utelezi, sukari maalumu zilizomo humo huiamuru ipasue kifuko kilicho kichwani mwake. Sukari hizo nazo hutofautiana baina ya aina na aina, hata mbegu ya mgeni yaweza kuufikia utelezi na kubaki na kifuko chake kimefungwa, ikahangaika hapo mpaka nguvu zikaiishia. Katika kifuko kile ndimo ilimohifadhiwa protini ambayo Victor Vacquier na Gary Moy waliitenga mwaka 1977 na kuiita bindini, ambayo kazi yake ni kuigandisha mbegu kwenye utando wa yai. Hapa ndipo penye mtihani mkuu. Ni kama mgeni anayebisha hodi katika nyumba ya Kiswahili: haitoshi kufika kizingitini, sharti sauti itambulikane ndani, na yai lisipoitambua bindini iliyoletwa, mbegu haigandi, na isipoganda haiingii.

Mbegu moja ikishapokelewa, yai hubadilika papo hapo: umeme wa utando wake hugeuka katika muda wa sekunde chache, na kabla ya dakika moja au mbili kwisha utando wenyewe huinuka ukawa ganda gumu, mbegu nyinginezo zikabaki nje hata zikiwa za aina ile ile. Lakini hilo ni kwa ajili ya kuzuia wingi, si kwa ajili ya kuzuia ugeni, nami nimelitaja tu ili msomaji asiyachanganye mambo mawili.

Kwamba vizuizi hivi ni vya kemia na si vya siri isiyofikika, ulimwengu uliambiwa mapema. Mwaka 1903 Jacques Loeb, akiwa California, aliyachukua mayai ya nungu-bahari na manii ya kiti cha pweza, wanyama ambao ukoo wao uliachana zamani sana kabla ya kuwapo ndege duniani, akaona kuwa katika maji ya bahari ya kawaida hapakutokea kitu. Kisha akazidisha kidogo ukali wa magadi katika maji yale, na mayai yakaanza kutunga. Viumbe waliotokea hawakuwa wa kuishi na kuendeleza kizazi. Lakini jaribio lile lilikata shauri moja: mlinzi wa yai anaweza kupumbazwa kwa kubadilishiwa maji anayokaa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naliona kuwa kiini cha habari yote. Kwenye matumbawe yetu, na kote katika Bahari ya Hindi, yupo nungu-bahari mdogo anayejichimbia shimo katika mwamba, aitwaye Echinometra mathaei. Ukoo wake una aina kadhaa, na katika visiwa vya Hawaii aina mbili za ukoo huo huishi pamoja, mathaei na oblonga. Mwaka 1994 Edward Metz na wenzake, miongoni mwao Stephen Palumbi, walichanganya mbegu za mmoja na mayai ya mwingine, wakaona kwamba mimba aghalabu hazitungi, na kwamba mambo huharibika pale pale penye kuganda kwa mbegu kwenye yai. Walipoisoma bindini ya ukoo huo waliikuta imebadilika haraka mno, isipokuwa sehemu yake ya katikati ambayo haikuguswa. Tena mwaka 1999 Palumbi alionyesha kuwa hata ndani ya aina moja yai hupendelea mbegu ambayo bindini yake ni ya namna ile ile aliyo nayo mama wa yai. Linganisha na Tripneustes, yule nungu-bahari wa miiba mifupi anayejifunika majani na vipande vya makombe katika mashamba ya nyasi za bahari, tangu Pangani hadi Unguja. Yeye katika bahari yetu hana jamaa wa ukoo wake anayekaa naye. Jamaa zake wako Atlantiki na upande wa mashariki wa Pasifiki, nchi kavu na bahari pana zikiwatenga. Na bindini yake, kama Kirk Zigler na Lessios walivyoeleza mwaka 2003, haikuonyesha ule mwendo wa haraka ulioonekana kwa Echinometra.

Wataalamu hawajaafikiana juu ya sababu. Wako wasemao kuwa machotara dhaifu ndio waliolazimisha yai kujihami, na wako wasemao kuwa ni mashindano ya mbegu kwa mbegu na hadhari ya yai lisije likaingiwa na mbegu nyingi mno kwa mara moja. Yamkini zote mbili ni kweli kwa kadiri yake. Lakini kwa vyovyote vile muundo wake unaonekana: pale jamaa wanapoonana kila siku, ulinzi wa yai huelekea kunolewa, na pale ambapo umbali wenyewe umewatenganisha, maumbile hayakuhitaji kujisumbua kujenga ukuta wa pili. Naomba msomaji alishike neno hilo, kwa sababu tukipanda nalo mto hadi Korogwe litatueleza msiba ambao wengi hawajui kuwa unatendeka.

Mwaka 1955 Rosemary Lowe, Mwingereza aliyefanya kazi katika shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika ya Mashariki lililokuwa na makao yake Jinja, alichapisha maelezo ya perege wa mto Pangani na ziwa Jipe, na kati yao alimpa mmoja jina la Tilapia korogwe, kwa mji ule alikopatikana. Leo ukoo huo huitwa Oreochromis, na samaki huyo ni Oreochromis korogwe, perege mdogo kwa umbo, asiyefikia ukubwa wa sato wa ziwa Viktoria. Kama walivyo perege wenzake wa ukoo huu, mama hulea kinywani. Dume huchimba kiota cha duara katika mchanga au tope, akajipamba kwa rangi za wakati wa kuzaa, akamfukuza kila dume jirani, na jike likimridhia hutaga mayai machache machache juu ya kiota na kuyaokota mara moja kinywani, na humo hukaa hata watoto watoke, nao watoto wakiona hatari hurudi wakajificha mumo humo.

Katika mila hii ya kuzaa, kizuizi baina ya aina na aina kimewekwa mahali tofauti kabisa na baharini. Mbegu ya samaki wa mifupa haina kile kifuko cha kichwani, kwani yai la samaki lina ganda lenye tundu moja jembamba, na mbegu hupenya kwa tundu hilo bila ya kulazimika kulitoboa ganda. Nisiseme kuwa ndani hamna mlinzi: mwaka 2018 huko Vienna, Andrea Pauli na wenzake walitangaza kuwa juu ya utando wa yai la samaki mdogo wa maabara ipo protini, waliyoiita Bouncer, ambayo mbegu haiingii bila ya hiyo, na walipoliwekea yai protini ya namna hiyo itokayo kwa samaki wa jamii nyingine, mbegu za jamii ile ya pili zikaweza kulitungisha. Walakini kwa perege wa ukoo mmoja mlinzi huyo hazuii. Nasaba zao ni za karibu, na chotara wao aghalabu huwa mzima, mwenye kuzaa, si tasa kama nyumbu azaliwaye na punda na farasi.

Kilichowahifadhi basi ni mambo mawili. La kwanza ni jicho la jike, linalochagua rangi na adabu ya dume wa kwao. Ubora wa kizuizi hicho hutegemea maji maangavu, kama alivyoonyesha Ole Seehausen mwaka 1997 katika ziwa Viktoria, ambako maji yalipochafuka, samaki wa kike waitwao furu wakashindwa kuzitambua rangi za madume, na aina zilizokuwa mbali zikaanza kufanana. La pili, na kwa perege wa nchi yetu ndilo kubwa kuliko yote, ni nchi kavu. Perege wa Pangani hakupata katika maisha yake yote kumwona perege wa Nili, kwa sababu baina yao palikuwa na nyika na milima, na samaki hatembei nyikani. Ni sawa na yale ya Tripneustes: ulinzi wa yai haukunolewa kwa kuwa haukuhitajiwa.

Aliyevuka nyika ni mwanadamu, akiwa na samaki katika debe. Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika ya wakati ule ilianza majaribio ya kufuga perege katika mabwawa ya Korogwe, na katika ya Malya mkoani Mwanza, ili watu wa bara wapate kitoweo; na nia ile ilikuwa njema, wala sioni haya kuisifu, maana upungufu wa protini katika vijiji vya Uzigua na Usambara haukuwa hadithi. Katika miongo iliyofuata samaki walihamishwa huku na huku, na perege wa ziwa Viktoria aitwaye ngege akawekwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, juu ya mto ule ule upitao Korogwe. Kisha akaja yule perege wa Nili, yaani sato, Oreochromis niloticus, kwa sababu hukua haraka na kufikia umbo kubwa, pamoja na jamaa yake leucostictus. Asilatu Shechonge na wenzake wa Tanzania na Uingereza walipoizungukia mito na maziwa ya nchi, wakatangaza mwaka 2019 kuwa wageni hao wawili wamekwisha kutapakaa katika mabonde mengi ambayo si kwao kwa asili.

Mwaka huo huo Stephanie Bradbeer na wenzake walitoa hesabu ya damu, yaani ya vinasaba, katika bonde la Pangani. Walikuta machotara wa sato na perege wa Jipe, na machotara wa leucostictus na perege wa Jipe, japo wachache wakilinganishwa na wenye nasaba safi. Na walikuta pia machotara wa perege wa Jipe na perege wa Korogwe, wenyeji wawili wa bonde moja, jambo linaloonyesha kuwa hata baina ya wenyeji mpaka si wa chuma. Lakini lililonishtua zaidi ni hili: walipoyapima maumbo ya miili na vichwa kwa vipimo vya kisasa, wenye nasaba safi waliweza kupambanuliwa, ila chotara hakuweza kutambuliwa kwa umbo peke yake. Mvuvi wa Korogwe aliyewajua perege tangu utoto wake aweza leo kumshika chotara mkononi, akamwuza sokoni kwa jina la babu zake, wala hapana jicho litakalomwambia.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2021, ikatoka habari nyingine ya ajabu. Katika maziwa madogo ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, mkoani Lindi, umbali wa kilomita zaidi ya 500 kutoka Korogwe, walikuwa wamegunduliwa baina ya mwaka 2013 na 2016 samaki wa aina ya perege wa Korogwe. Mtu angedhani mara moja kuwa walipelekwa huko na watu. Blackwell na wenzake wakasoma vinasaba vyao vyote, wakawalinganisha na ndugu zao wa kaskazini, wa mto Zigi na wa bwawa la Mlingano, na wakakadiria kuwa pande mbili hizo ziliachana yapata miaka 140,000 iliyopita, zamani hizo ambazo hapakuwa na mtu wa kubeba debe. Basi hao wa kusini ni tawi la haki, lenye historia yake lenyewe. Na katika maziwa hayo yote matatu walikuta sato amekwisha kufika, na machotara wamekwisha kuzaliwa. Tulilitambua tawi hilo wakati ule ule tulipogundua kuwa linakatwa.

Handeni ina fungu lake katika habari hii, ijapokuwa ni nchi ya ukame ambako maji ya malambo huthaminiwa kuliko samaki. Mto Lukigura, unaojulikana na wengi kwa vita vya mwaka 1916, haumwagi maji yake katika Pangani, bali huteremka kusini na kuingia Wami; kwa hiyo Korogwe na Handeni, wilaya hizi mbili jirani, ambazo mtu huzipita kwa gari katika asubuhi moja, ni nchi mbili za samaki, na mpaka wao ni mgongo wa ardhi ambao msafiri hauoni. Perege wa Wami ana sifa ya dunia nzima pasipo watu wa Uzigua kujua. Samaki wa nasaba yake walikuwako Unguja, na kutoka Unguja wakapelekwa Malaka, katika taasisi ya ufugaji samaki iliyoongozwa na C. F. Hickling, na huko wakachanganywa na perege wa Msumbiji. Mwaka 1960 Hickling alitangaza kuwa dume wa Unguja akizaa na jike wa Msumbiji, watoto wote huwa madume. Na mambo yakigeuzwa, jike akawa wa Unguja na dume wa Msumbiji, madume huwa takriban watatu kwa kila jike mmoja. Miaka sita baadaye Ethelwynn Trewavas wa jumba la makumbusho la London alimpa samaki huyo wa Unguja jina la kitaalamu, Tilapia hornorum.

Sababu ya muujiza huo ni kwamba jamaa hawa wawili hawaamui jinsia kwa njia moja. Kwa perege wa Msumbiji, dume ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana. Kwa perege wa Wami ni jike. Ukimchukua kwa huyu yule ambaye zake zafanana, na kwa yule vilevile, basi watoto wote hupata mchanganyiko wa namna moja, nao mchanganyiko huo huzaa dume. Wafugaji waliushangilia uvumbuzi huo, maana bwawa la madume watupu halijai vitoto, na samaki hukua badala ya kuzaana. Lakini mwenye kuyatazama mambo kwa upande wetu ataona pia maana yake ya pili: samaki wawili ambao maumbile yamewapa hata kanuni tofauti za kuzaa dume na jike, bado mbegu ya mmoja huingia katika yai la mwingine pasipo kizuizi, na mtoto akaishi. Hapo ndipo panapotofautiana kabisa na nungu-bahari wa Hawaii, ambao kwa macho hufanana lakini yai la mmoja halimkubali mwenzake.

Siku hizi vituo vingi vya kuzalisha vifaranga vya samaki havitegemei tena uchotara wa Hickling. Huwalisha watoto wa sato homoni ya kiume katika siku zao za kwanza, hata majike yakageuka kuwa madume. Kazi hiyo haifaulu kwa kila kifaranga, na mvua kubwa ya masika inapolijaza lambo la Handeni au bwawa la Korogwe hata likafurika, anayebaki jike hushuka na maji mpaka mtoni, wala madume wenyewe hawashindwi kuwapata majike wa wenyeji. Ndiyo maana naona kuwa kabla lambo halijatiwa samaki, ofisa wa uvuvi na wanakijiji wanapaswa kuuliza swali ambalo sasa haliulizwi: maji haya yakifurika yaenda mto gani, Lukigura au Ruvu, na perege wa mto huo ni yupi? Akipatikana mwenyeji, na atiwe huyo, hata akikua polepole. Na wale wa Zigi na Mlingano wapimwe tena na tena kwa vinasaba, kwa kuwa hao ndio perege wa Korogwe ambao watafiti waliwachukua kuwa kipimo cha upande wa kaskazini walipowalinganisha na wale wa Lindi.